Kukwama kwa risasi katika bastola

Kukwama kwa risasi katika bastola ni hitilafu inayotokea pale bastola nusu-otomatiki inaposhindwa kuchukua risasi kutoka kwenye magazini na kuiingiza kikamilifu katika chemba, au inaposhindwa kutoa ganda la risasi iliyotangulia ili kuipisha inayofuata. Hitilafu hii huweza kutokea kwa bastola yoyote, mpya au kuukuu. Mara nyingi chanzo chake ni magazini mbovu, risasi isiyofaa, uchafu au springi iliyochoka, si kuvunjika kwa bastola yenyewe.

Hatari kubwa haiko katika kukwama kwenyewe. Iko katika yale ambayo mtu hufanya baada yake: bastola iliyokwama huonekana kama chuma kisicho na uhai, ilhali ndani yake huweza kuwa na risasi nzima.

## Jinsi bastola inavyojilisha

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa ambacho ndicho kinachoruka. Risasi hupangwa katika magazini, yaani kisanduku chembamba cha chuma au plastiki kinachoingizwa ndani ya mpini. Chini ya risasi kuna kibao kinachosukumwa na springi kwenda juu. Juu ya magazini kuna midomo miwili inayozuia risasi zisiruke nje.

Juu ya bastola kuna slaidi, yaani kipande cha chuma kinachoteleza mbele na nyuma. Risasi inapofyatuliwa, nguvu yake huisukuma slaidi nyuma. Kulabu ndogo iliyo kwenye slaidi hulivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, kisha ganda hugonga kirushio na kutupwa nje. Springi ya kurudisha slaidi huisukuma tena mbele. Ikiwa njiani, slaidi huisukuma risasi ya juu kabisa kutoka kwenye magazini, ikapanda mteremko mfupi uliosuguliwa laini na kuingia katika chemba. Yote haya hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo nguvu, muda na umbo la kila sehemu vinatakiwa kuafikiana.

Mfumo wa kuweka magazini ndani ya mpini ulionekana katika bastola ya Borchardt C-93 ya mwaka 1893. John Browning wa Marekani aliuendeleza mfumo wa slaidi, na bastola nyingi za leo zinafuata njia yake. Bastola yake ya M1911 ilikubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 baada ya jaribio la kufyatua risasi 6,000 ambalo ilimaliza bila kukwama.

## Usalama kabla ya uchunguzi

Uchunguzi wowote wa bastola iliyokwama hutanguliwa na kuiondolea risasi, na mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe:

1. Mtutu huelekezwa upande salama, na kidole hutolewa kwenye kifyatulio.
2. Magazini huchomolewa kwanza.
3. Slaidi huvutwa nyuma mara kadhaa, kisha hufungwa ikiwa nyuma.
4. Chemba hutazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na pia nafasi ya magazini hutazamwa.

Hatua ya pili na ya tatu zikibadilishana nafasi, hatari inabaki palepale. Mtu akivuta slaidi kwanza, risasi ya chemba huruka nje na kuonekana sakafuni. Lakini slaidi ikirudi mbele huchukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuijaza chemba upya. Akichomoa magazini baada ya hapo, huamini kwamba bastola ni tupu, kumbe imejaa. Vilevile kuchomoa magazini peke yake hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia katika chemba, na bastola nyingi huweza kufyatua risasi hiyo hata kama magazini haipo.

Hali mbili zinahitaji tahadhari ya pekee. Ya kwanza ni fataki kupigwa bila risasi kulia. Baruti huweza kuchelewa kuwaka, hivyo mtutu huachwa ukielekea upande salama kwa muda usiopungua sekunde 30 kabla ya kufungua slaidi. Ya pili ni mlio hafifu usio wa kawaida. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Risasi nyingine ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu huweza kupasuka mikononi mwa mtumiaji. Hapo ufyatuaji husimamishwa kabisa mpaka mtutu ukaguliwe na kuonekana kuwa uko wazi.

## Aina za kukwama

* Risasi kutopanda. Slaidi inarudi mbele lakini kichwa cha risasi kinagonga mteremko na kusimama hapo, au slaidi inapita juu ya risasi bila kuichukua.
* Slaidi kutofunga kikamilifu. Risasi imeingia lakini slaidi imebakiza milimita chache kufika mbele. Bastola nyingi huzuia ufyatuaji katika hali hii.
* Ganda kusimama. Ganda tupu halikutupwa mbali, likabanwa na slaidi huku likiwa limesimama wima kama bomba la jiko.
* Risasi mbili kwa pamoja. Ganda au risasi imebaki katika chemba, na nyingine inaisukuma kwa nyuma. Hii ndiyo aina ngumu zaidi kuondoa. Kwa kawaida slaidi hufungwa nyuma, magazini huchomolewa kwa nguvu, kisha slaidi huvutwa mara kadhaa mpaka chemba iwe tupu.

## Vyanzo

### Magazini

Magazini ndiyo inayoshukiwa kwanza. Ikianguka kwenye sakafu ngumu, midomo yake huweza kupinda kiasi ambacho jicho halioni kwa urahisi, na risasi ikaanza kutoka kwa pembe isiyo sahihi. Springi yake ikidhoofika, risasi huchelewa kupanda na slaidi hupita kabla haijafika. Dalili yake ni kukwama kunakotokea zaidi kwa risasi za mwisho, kwa kuwa hapo ndipo springi inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko zote. Chanzo kingine ni magazini ambayo haikusukumwa ndani mpaka mwisho.

### Risasi

Nchi za Afrika Mashariki zina bastola za asili mbalimbali, na jina “milimita tisa” huwachanganya wengi. Risasi ya 9×19 Parabellum, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ina kichwa chenye kipenyo cha milimita 9.01. Risasi ya 9×18 Makarov, iliyotoka Umoja wa Kisovyeti, ina ganda fupi zaidi na kichwa cha milimita 9.27. Kuna pia risasi ya 9×17, ambayo ni fupi na dhaifu kuliko hizo mbili. Majina yanafanana, lakini risasi hizo hazibadilishani. Maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au slaidi ndiyo yanayotaja risasi inayotakiwa.

Umbo la kichwa nalo lina uzito. Kichwa cha mviringo hupanda mteremko kwa urahisi, wakati kichwa bapa au chenye tundu mbele huweza kukwama katika bastola za zamani zilizotengenezwa kwa kichwa cha mviringo pekee.

Tatizo moja huwapata hasa walinzi na wengine wanaojaza bastola asubuhi na kuitoa risasi jioni. Risasi ileile ya juu ikiingizwa katika chemba kila siku, kichwa chake hugonga mteremko mara nyingi na kusukumwa taratibu ndani ya ganda. Risasi iliyofupika hukwama kwa urahisi. Ikifyatuliwa, shinikizo ndani yake huwa kubwa kupita kiasi na huweza kuharibu bastola. Kinga yake ni kulinganisha risasi hiyo na mpya mara kwa mara na kuitenga iliyofupika.

### Uchafu na mafuta

Masizi ya baruti hujikusanya kwenye mteremko, katika chemba na chini ya kulabu. Mafuta machache hulainisha mwendo wa slaidi. Yakizidi hushika vumbi na kugeuka tope, na yakipenya kwenye fataki huweza kuifanya isiwake. Kwa sababu hiyo ndani ya magazini hufutwa na kuachwa kukavu, na risasi hazipakwi mafuta.

### Springi ya kurudisha slaidi

Springi iliyochoka haina nguvu ya kuifikisha slaidi mbele kabisa. Springi ngumu kupita kiasi, au risasi dhaifu, huifanya slaidi isirudi nyuma vya kutosha. Ganda halitupwi vizuri, na risasi inayofuata haichukuliwi.

### Mshiko

Slaidi huhitaji mpini uliotulia ili itembee safari yake yote. Mkono ukilegea, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na slaidi na nguvu hupotea. Bastola inayokwama kwa mtu mmoja na kufanya kazi vizuri kwa mwingine huwa na dalili ya tatizo hili.

## Kutafuta chanzo

Kanuni kuu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha magazini, risasi na springi kwa pamoja huweza kuliondoa tatizo bila kujua lilitoka wapi, na likirudi huanza upya.

Kila magazini hupewa namba kwa rangi. Kukwama kukitokea kwa magazini namba 2 pekee, magazini hiyo huondolewa kwenye matumizi. Kukitokea kwa magazini zote lakini kwa risasi za aina moja tu, risasi ndizo zinazoshukiwa. Kukitokea kwa magazini zote na risasi zote, bastola husafishwa, kisha springi ya slaidi, kulabu na mteremko hukaguliwa. Majaribio ya kupandisha risasi hufanywa kwa risasi bandia zisizo na fataki wala baruti, au katika uwanja wa shabaha chini ya msimamizi. Hayafanywi kwa risasi halisi nyumbani.

Kusugua mteremko kwa msasa au tupa, kupinda midomo ya magazini kwa koleo, na kukata springi ni makosa ya kawaida. Chuma kilichoondolewa hakirudi, na mteremko uliosuguliwa kupita kiasi huacha kitako cha ganda bila kushikiliwa vizuri, likaweza kupasuka.

## Hali ya hewa: mfano wa Mkuyuni

Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini iliyo njiani kutoka mjini Morogoro kuelekea Matombo na Kisaki, inaonyesha jinsi mazingira yanavyochangia hitilafu hii. Iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Upande huo hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Wakati wa masika na vuli hewa hubaki na unyevu siku nyingi, na wakati wa kiangazi barabara za udongo hutoa vumbi.

Katika mazingira ya namna hiyo kutu huanza mahali pasipoonekana: katika chemba, kwenye springi na ndani ya magazini. Chemba yenye kutu hulishika ganda na kuzuia kulabu kulivuta. Ala ya ngozi hufyonza unyevu na jasho, hivyo bastola haihifadhiwi ndani yake. Hufutwa, hupakwa mafuta membamba na kuwekwa mahali pakavu panapofungwa. Risasi zenye ganda lililogeuka kijani au fataki yenye kutu hazifyatuliwi. Kutumia kwanza risasi zilizonunuliwa mapema hupunguza uwezekano wa kubaki na risasi zilizochakaa.

Vijijini silaha iliyozoeleka zaidi ni gobore, ambalo hujazwa kwa mdomo wa mtutu na halina magazini. Aliyezoea gobore huona lilipoishia baada ya mlio mmoja. Bastola nusu-otomatiki haiko hivyo: baada ya mlio mmoja huwa imekwisha kujijaza tena.

## Sheria nchini Tanzania

Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Raia hatakiwi kumiliki bastola wala risasi bila leseni, na Jeshi la Polisi ndilo linaloshughulikia maombi na kumbukumbu za umiliki. Kazi ya kutengeneza na kurekebisha silaha nayo inahitaji leseni. Hivyo bastola inayoendelea kukwama baada ya kusafishwa na kubadilishiwa magazini hupelekwa kwa fundi anayetambulika kisheria, ikiwa haina risasi na pamoja na nyaraka zake. Fundi wa vyuma wa mtaani hana ruhusa hiyo, hata kama ana ujuzi.

Risasi chakavu hazitupwi jalalani, hazizikwi wala kuchomwa moto, kwa kuwa huweza kulipuka au kuokotwa na watoto. Hupelekwa kituo cha polisi.

## Tazama pia

* Bastola
* Bunduki
* Gobore
* Baruti
* Mkuyuni (Morogoro)