Umeme Hupotelea Njiani

Saketi ya umeme ni njia inayoanzia kwenye chanzo, iwe betri, sola au transfoma ya kijiji, ikapita kwenye waya na kifaa, kisha ikarudi palepale ilipoanzia. Ikikatika mahali popote, mkondo husimama njia nzima. Swichi haina kazi nyingine: ikizimwa hutenganisha vipande viwili vya chuma, ikiwashwa huvikutanisha. Ndiyo maana balbu huhitaji nyaya mbili, mmoja wa kuleta na mmoja wa kurudisha. Mkondo unaorudi ni sawasawa na uliokwenda. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, ambayo hugeuka mwanga na joto.

Msukumo wa chanzo hupimwa kwa volti, wingi wa mkondo kwa ampea, na ukinzani wa njia kwa omu. Mjerumani Georg Ohm alichapisha uhusiano wa vitu hivyo mwaka 1827: volti ni ampea mara omu. Kanuni hiyo fupi inaeleza karibu kila kero ya umeme nyumbani.

Katika kata ya Izimbya, kama kwingine kwingi vijijini Bukoba na Muleba, nyumba hukaa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba, na mara nyingi jiko liko peke yake nyuma ya nyumba. Mwenye sola ya volti 12 akitaka taa jikoni, huvuta waya juu ya migomba. Tuseme umbali ni mita 20, na waya ni ule mwembamba wa shaba wa nusu milimita ya mraba. Kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, njia yote ni mita 40, na ukinzani wake unakaribia omu 1.4. Balbu ya wati 6 huvuta nusu ampea, hivyo volti 0.7 tu ndizo hupotea njiani, na taa huwaka vizuri. Lakini mwenye nyumba akiongeza redio na televisheni ndogo kwenye waya huohuo, mkondo ukafika ampea 3, volti 4 hupotea na vifaa hubakiwa na 8. Televisheni inazima, lawama zinaiangukia betri. Kununua betri mpya hapo ni kupoteza fedha: waya wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani mdogo mara tano, na ungepoteza volti 0.8 tu.

Kanuni hiyohiyo inatawala laini kubwa. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea, lakini joto linalopotea kwenye waya hufuata kipeo cha pili cha ampea. Volti zikipandishwa mara kumi, nguvu ileile husafirishwa kwa sehemu moja ya kumi ya mkondo, na upotevu hushuka hadi sehemu moja ya mia. Ndiyo sababu umeme ambao Bukoba imeutegemea kwa miaka mingi umevuka mpaka kutoka Masaka, Uganda, hadi kituo cha Kyaka kwa kilovolti 132. Transfoma huzishusha volti hizo kwa hatua hadi 230 za nyumbani. Baada ya transfoma ya mwisho ukinzani huanza kuuma tena: nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu hupata kile watu wanachokiita umeme mdogo, hasa jioni kila mtu anapowasha.

Ndani ya nyumba vifaa huunganishwa sambamba, kila kimoja kikipata volti zote 230, na mikondo yao hujumlishwa. Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, pasi ya wati 1,000 zaidi ya 4. Vikichomekwa kwenye ekstensheni moja, ampea 13 hupita kwenye waya mmoja, na ukiwa mwembamba hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Nyaya mbili zikigusana zenyewe, ukinzani hukaribia sufuri na mkondo hupanda ghafla. Hiyo ndiyo shoti. Fyuzi ni kiwaya kilichotengenezwa kiyeyuke kabla ya waya wa ukutani. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya mnene anauacha ukuta ndio uungue badala yake. Fyuzi ikikatika, kitafutwe kwanza kilichoikata, kisha iwekwe nyingine ya ampea zilezile.