SOMO LA MAPISHI LIANZIE GHALANI
Maarifa ya chakula kwa wanafunzi wa sekondari

Wakazi wa Ipagala na wa sehemu nyingine za Dodoma, pamoja na watumishi wa elimu, afya na kilimo, wanakumbushwa kuwa maarifa ya chakula wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari hayaanzii jikoni, bali ghalani.

Elimu hii si ngeni nchini. Tangu miaka ya 1970 Sayansi Kimu ilikuwa mmojawapo wa michepuo minne ya sekondari, pamoja na Kilimo, Ufundi na Biashara. Somo la Chakula na Lishe limeendelea kufundishwa katika baadhi ya shule hadi leo. Hata hivyo, wapo wazazi wanaodhani kuwa ni somo la wasichana tu, tena la kujifunza mapishi ya sherehe. Yaliyotokea mwaka 2016 yanaonyesha kuwa sivyo.

Katika mwaka huo watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula chakula chenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, zilizovunwa bila kukauka vema, au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Mtu akila kwa wingi, ini hudhurika upesi. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hujiweka katika hatari ya saratani ya ini.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hana budi kulielewa ni kwamba sumu hii haiondolewi kwa kupika. Hustahimili joto linalozidi nyuzi 200 za Sentigredi, ilhali maji ya uji au ya ugali hayazidi nyuzi 100. Kwa hiyo mpishi hodari hawezi kuisalimisha nafaka iliyokwisha kuharibika.

Mambo yafuatayo yanaweza kufundishwa kwa vitendo, bila ya vifaa vya gharama:

1. Kuanika mahindi juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu, na kuyahifadhi juu ya chaga mbali na ukuta.

2. Kupima ukavu. Mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu ya kioo na kutikiswa, kisha huachwa yatulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi.

3. Kuchambua punje na karanga zilizooza, zilizosinyaa, zilizovunjika au zilizobadilika rangi. Zilizotupwa zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi katika maziwa.

4. Kuchagua unga. Dona ina virutubisho vingi kuliko sembe, lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa katika pumba na kiini. Hivyo dona isagwe kutokana na mahindi yaliyochambuliwa, na yenye shaka kubwa yasiliwe kabisa, hata yakikobolewa.

5. Kuchanganya vyakula. Ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde na mboga nyingine hupunguza kiasi cha mahindi na karanga kinacholiwa kila siku.

Ieleweke pia kuwa chakula kinaweza kuwa na sumu bila ukungu kuonekana kwa macho. Uchambuzi hupunguza hatari, ila hauondoi haja ya vipimo vya maabara.

Katika nyumba nyingi ni mwanafunzi wa sekondari anayepeleka mahindi mashineni na kuwakorogea wadogo zake uji. Uji huo mara nyingi ni wa unga wa lishe uliochanganywa mahindi na karanga, na anayeunywa ndiye mwenye mwili mdogo kuliko wote nyumbani. Kwa sababu hiyo wazazi na walezi wanaombwa kuwaruhusu watoto wao, wa kiume na wa kike, kuyatekeleza nyumbani wanayofundishwa shuleni. Walimu nao wanashauriwa kushirikiana na maofisa ugani na maofisa lishe wa maeneo yao, hasa wakati wa mavuno.