Pointi za Makadara na Theluji ya Mbali

Wakazi wa Makadara, eneo la mashariki mwa Nairobi lenye mitaa ya Maringo, Hamza, Jericho, Makongeni, Mbotela na Buruburu, wana akiba za aina mbili: ile inayoandikwa katika vitabu vya chama na vya Sacco, na ile inayoandikwa katika mitambo ya kampuni zinazowauzia muda wa maongezi, unga na sabuni. Akiba ya kwanza ina katiba na mkutano wa mwaka, na kwa upande wa Sacco ina sheria ya Bunge ya mwaka 2008 inayoisimamia. Ya pili huitwa pointi za uaminifu, yaani hesabu anayolimbikiziwa mteja kila anaponunua, kwa ahadi kwamba siku moja ataibadilisha kwa bidhaa au huduma. Nayo haina ulinzi wa namna hiyo, kwa kuwa anayedaiwa ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, muda wa kulipa na hata iwapo deni lenyewe litaendelea kuwapo.

Duniani kote biashara hii hujitangaza kwa kuonyesha kilele chake badala ya kawaida yake. Picha inayopendwa ni ya hoteli ya kifahari katika milima ya Colorado au Alpi, ambako mgeni huteleza juu ya theluji kwa skii mchana kutwa, kisha hulala katika chumba ambacho hakukilipia hata senti. Swali la kiuchumi ni nani aliyelipia chumba hicho, kwa maana chumba cha bure hakipo, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini pointi za mkazi wa Jogoo Road, huko Makadara, humfikisha kwenye rafu ya unga huku za mkazi wa Denver zikimfikisha mlimani.

Mfumo wa sasa ulizaliwa katika usafiri wa ndege, pale shirika la American Airlines lilipoanzisha mpango wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na hoteli za Marriott zikafuata kwa mpango wao mwaka 1983. Mwanzoni pointi zilitolewa kwa aliyesafiri au kulala hotelini, na nia ilikuwa kujaza viti na vyumba ambavyo vingebaki vitupu. Mambo yaligeuka benki zilipoanza kununua pointi kwa jumla kutoka kwa mashirika hayo na kuwagawia wateja wanaotumia kadi zao za mkopo, kwa kuwa tangu hapo pointi ilikuwa bidhaa inayouzwa kabla ya chumba kuuzwa. Ukubwa wa soko hilo ulidhihirika mwaka 2020, wakati ndege zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, pale United Airlines ilipoweka mpango wake wa MileagePlus rehani na kupata dola bilioni 6.8: wakopeshaji hawakuwa na shaka na pointi, ingawa walikuwa na kila sababu ya kutilia shaka safari zenyewe.

Fedha za benki hizo hutokana na ada ya mabadilishano, yaani sehemu ya kila malipo ya kadi ambayo benki ya mwenye duka hulazimika kuiachia benki ya mwenye kadi. Nchini Marekani ada hiyo hukaribia asilimia 2 kwa kadi nyingi za mkopo, na mwenye duka huifidia kwa kupandisha bei kwa wateja wote, wakiwamo wanaolipa taslimu na wasiopata pointi yoyote. Kwa hiyo usiku wa theluji huchangiwa na watu wengi wasiojua kwamba wanachangia, na wengi wao ni maskini kuliko anayelala. Pale serikali zilipoibana ada hiyo, pointi zilinywea mara moja: Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo kuanzia Desemba 2015, na hata Marekani kwenyewe kikomo kilichowekwa kwa kadi za akaunti za kawaida mwaka 2011 kilizifanya benki nyingi ziondoe zawadi kwenye kadi hizo.

Makadara haina chungu cha namna hiyo. Malipo ya dukani hupita zaidi katika M-PESA, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007, na ada anayotozwa mwenye till, yaani namba ya kupokelea malipo ya dukani, ni takriban nusu ya asilimia moja ya mauzo, huku malipo madogo ya shilingi 200 kushuka chini yakiwa hayatozwi kitu. Mama mboga wa soko la Burma au la Mutindwa, ambaye mauzo yake mengi ni ya shilingi hamsini na mia, haichangii chochote hazina ya kumlaza mtu hotelini. Hilo linapaswa kuhesabiwa kuwa heri. Uchache wa pointi nchini Kenya kwa sehemu kubwa ni kivuli cha malipo yaliyo rahisi, na anayetamani pointi za Kimarekani anatamani pia, pengine bila kutambua, bei za dukani zinazozilipia.

Mpango mkubwa zaidi wa pointi nchini ni Bonga wa kampuni ya simu ya Safaricom, ulioanzishwa Januari 2007, miezi miwili kabla ya M-PESA yenyewe, kwa kanuni ya pointi 1 kwa kila shilingi 10 za matumizi ya mawasiliano. Kwa miaka mingi pointi hizo zilibadilishwa kwa dakika za maongezi, data na simu, yaani bidhaa za muuzaji mwenyewe ambazo gharama yake halisi kwake ni ndogo kuliko bei anayozitangazia. Mwaka 2020, wakati wa korona, Safaricom iliruhusu pointi zitumike kulipia bidhaa kwenye till, kwa kiwango cha senti 30 kwa pointi. Hatua hiyo haikusifiwa ipasavyo, ingawa sasa pointi ilikubalika nje ya duka la aliyeitoa, na mwenye kibanda aliyeipokea alipata shilingi halisi katika akaunti yake. Kwa namna fulani pointi ilikuwa imekaribia kuwa pesa.

Kwa kuwa hoteli nyingi nazo zina till, kimsingi pointi hizo zingeweza kulipia chumba, na hesabu yake inafaa kufanywa hadi mwisho. Tukichukua kiwango hicho cha senti 30, chumba cha shilingi 60,000 kwa usiku kinahitaji pointi 200,000, ambazo hupatikana kwa kutumia shilingi milioni 2 katika mawasiliano. Mtu anayetumia shilingi 2,000 kwa mwezi atahitaji miezi 1,000, yaani zaidi ya miaka 83. Kiwango cha zawadi chenyewe, asilimia 3, si kibaya hata kidogo kikilinganishwa na mipango ya nchi tajiri. Kinachokosekana ni ukubwa wa matumizi yanayozidishwa kwa kiwango hicho, na hapo hakuna ujanja wa kutumia pointi utakaoziba pengo.

Udhaifu wa pili ni wa kihasibu. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, kampuni inayotoa pointi hairuhusiwi kuhesabu bei yote ya mauzo kuwa mapato. Sehemu inayolingana na pointi hubaki kama deni hadi mteja azitumie au zipoteze uhai. Pointi zilizolala kwenye simu za Wakenya kwa miaka zilikuwa deni la mabilioni ya shilingi katika vitabu vya Safaricom, na Oktoba 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mpango huo ulisimamishwa. Kufuta pointi zilizolala ni desturi ya kawaida ulimwenguni, na kampuni ya hoteli ya Hyatt, kwa mfano, hufuta za mwanachama aliyekaa miezi 24 bila shughuli yoyote, lakini Mkenya aliyezilimbikiza tangu 2007 aliziona kama amana, na si vigumu kumwelewa.

Waliokuwa na kadi za Nakumatt hawakupata hata nafasi ya kulalamika kwa faida. Msururu huo wa supamaketi, uliochipuka kutoka duka la magodoro mjini Nakuru hadi ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, uliporomoka kuanzia 2017, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura uvunjwe. Katika ufilisi, anayelipwa kwanza ni mwenye dhamana, yaani aliyeshika mali ya mdaiwa kama rehani. Wauzaji bidhaa husubiri nyuma yake, na mwenye pointi za Smart Card, ambaye katika maandishi ya mkataba mara nyingi hana haki ya fedha hata kidogo, hana foleni ya kusimama. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975 na kuuza kwa muda mrefu katika mitaa ya Eastlands, yaani mashariki mwa Nairobi, ilikuwa imeshawaonjesha wateja wake ladha hiyo ilipofunga milango mwaka 2006, ingawa yenyewe ilifufuliwa kabla ya kudhoofika tena.

Kwa hoteli zenyewe, daraja linalounganisha Afrika Mashariki na theluji lipo, ila halipiti Jogoo Road. Pointi za World of Hyatt zinazokubalika Park Hyatt ya Zanzibar, iliyofunguliwa Shangani mwaka 2015, ndizo zinazokubalika Park Hyatt ya Beaver Creek, Colorado, iliyo chini kabisa ya mteremko wa skii. Vivyo hivyo Fairmont Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki, klabu iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji William Holden na washirika wake, iliingia katika kundi la Accor mwaka 2016, na pointi zake ni zilezile za hoteli za kundi hilo katika milima ya Ufaransa na Kanada. Accor hutoza pointi 2,000 kwa punguzo la euro 40, na mwanachama wa daraja la chini hupata pointi 25 kwa kila euro 10 katika chapa zake za juu, kwa hiyo usiku wa euro 400 unadai matumizi ya awali ya euro 8,000 hotelini. Marriott nayo iliondoa jedwali la bei za pointi mwaka 2022 na kuziacha bei hizo zipande na kushuka pamoja na mahitaji, jambo linalomwumiza hasa anayetaka theluji, maana msimu wa skii ni mfupi na kila mtu anautaka wakati uleule.

Nairobi ina watu wanaotimiza masharti hayo, nao ni wale ambao bili yao hulipwa na mwingine: washauri wa miradi, maofisa wa mashirika ya kimataifa, wakurugenzi wa kampuni na watumishi wa umma wanaokaa warshani wiki baada ya wiki. Mwajiri hulipa chumba, msafiri hupata pointi, na hoteli humpenda msafiri kuliko mwajiri kwa sababu yeye ndiye anayechagua pa kulala. Kiuchumi hii ni bakshishi inayotolewa kwa mwakilishi kwa gharama ya anayemwakilisha. Ujerumani ililitazama jambo hilo kwa ukali mwaka 2002, wakati mbunge Cem Özdemir alipoachia wadhifa wake baada ya kubainika kwamba alitumia kwa safari binafsi maili alizozipata kwa safari za kazi za bunge. Katika Kenya, ambako masurufu ya safari za maofisa hujadiliwa kila bajeti inaposomwa, pointi zinazozalishwa na safari hizo hazisikiki zikitajwa, na mlipa kodi wa Makongeni hachelewi kuwa ndiye aliyechangia usiku wa mtu mwingine.

Theluji iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwana wa Eastlands pengine iko Dubai. Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini Kenya tangu 2016, ndiyo mmiliki wa Mall of the Emirates, ambamo Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005, ukumbi wa theluji ya kutengenezwa ndani ya jiji la jangwani, wenye mteremko wa takriban mita 400. Mpango wa kampuni hiyo katika Falme za Kiarabu, uitwao SHARE, huchanganya pointi za supamaketi, sinema na theluji katika akaunti moja, kiasi kwamba Mkenya afanyaye kazi ya ulinzi au hoteli huko anaweza kununua mchele na hatimaye kuteleza kwa skii kwa hesabu hiyohiyo. Si hoteli ya mlimani, wala Philip Boit, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano mwaka 1998, asingeuona kuwa mteremko wa kutosha. Lakini ni mfano wa kampuni iliyotambua kwamba pointi hupata thamani zinapoweza kuhama kutoka rafu moja hadi nyingine.

Malipo mengine ya mteja hayapimwi kwa shilingi. Kadi ya supamaketi humwambia muuzaji nani ananunua nepi, nani ameacha nyama na nani hununua mwisho wa mwezi tu, na taarifa hizo huuzika kwa wazalishaji wa bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mteja aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani na aridhie, ingawa ridhaa inayotolewa kwa haraka mbele ya keshia, foleni ikisukuma nyuma, ni ridhaa nyepesi.

Kwa familia nyingi za Makadara, usiku wa hoteli uliolipwa kwa pointi hufika kwa njia ya jamaa walio ughaibuni. Mtoto anayefanya kazi Texas hukusanya pointi kwa kadi ya mkopo ya huko, kisha huwalaza wazazi wake Nanyuki au Zanzibar, na zawadi hiyo haionekani katika takwimu za fedha zinazotumwa nyumbani ambazo Benki Kuu ya Kenya huzitoa kila mwezi. Hoteli inayowapokea hulipwa na hazina ya mpango kwa kiwango walichokubaliana: kidogo, karibu na gharama ya kusafisha chumba, vyumba vingi vikiwa vitupu, na karibu na bei ya kawaida pale hoteli inapokaribia kujaa. Ndiyo sababu meneja wa Nanyuki huwakaribisha wageni wa pointi mwezi wa Aprili, masika yakimwagika na watalii wakiwa wamerudi kwao, na ndiyo sababu vyumba vya namna hiyo huadimika Desemba, wakati ambao familia hiyo ingekuwa na nafasi ya kusafiri.