Sheria Ikibadilika, Nani Anaiambia Kompyuta?

Mwezi Januari 2025 wafanyakazi wa Kenya waliosoma peisilipi zao kwa makini walikuta hesabu imepangwa upya. Viwango vilikuwa vile vile: asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 kwa ushuru wa nyumba. Kilichohama ni mahali pa makato hayo ndani ya hesabu. Awali kodi ilihesabiwa kwanza, kisha mchangaji wa ushuru wa nyumba akapunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya alichochanga. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 ilifuta nafuu hiyo na kuagiza mchango wote utolewe kwenye mapato kabla kodi haijahesabiwa.

Mwenye mshahara wa shilingi 50,000 huchanga shilingi 750 za nyumba. Kwa mpango wa kale alipunguziwa kodi ya shilingi 112.50. Kwa mpango mpya zile 750 hutoka katika sehemu ya mapato inayotozwa asilimia 30, naye huokoa 225. Kwake ni ahueni ndogo ya kila mwezi. Kwetu sisi tunaotengeneza mifumo ya mishahara, badiliko hilo lilifichua ni mifumo ipi imejengwa kwa kufikiri na ipi imeungwaungwa.

Kazi yangu naifanyia Nakuru. Wateja wangu ni vyama vya maziwa vya upande wa Njoro na Molo, SACCO za mjini, na mashamba ya maua ya Naivasha ambako mamia ya watu hulipwa siku moja. Baada ya Krismasi ya 2024 niliitwa na mwajiri mmoja ambaye peisilipi zake zilisema jambo moja na ripoti yake ya kodi ikasema jingine. Mfumo wake ulikuwa umetengenezwa na watu wengine. Nilipoufungua nilikuta kanuni ya kodi imeandikwa mahali pengi: kwenye hesabu ya mwezi, kwenye uchapishaji wa peisilipi, kwenye fomu ya mkopo wa mfanyakazi, kwenye ripoti ya mamlaka ya kodi. Aliyetumwa kurekebisha alirekebisha pale alipopaona. Kwingine kote sheria ya zamani iliendelea kutawala, na hakuna aliyejua hadi mhasibu alipojumlisha.

Mtu atasema dawa ni jedwali la viwango: weka asilimia zote mahali pamoja, zikipanda au zikishuka ubadilishe tarakimu. Ni dawa nzuri, lakini haifiki mbali. Jedwali lingetosha Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Desemba halikusaidia, kwa kuwa asilimia za makato hayo hazikubadilika. Uliobadilika ni mpangilio: kipi hutoka kwanza, kipi hufuata, kipi hakipo tena. Mpangilio huo, pamoja na vitu vyote ambavyo biashara inavihesabu na masharti yanayovifunga, ndio watu wa fani yangu wanaouita modeli. Na utengenezaji wa programu unaoanzia kwenye modeli una dai moja: kanuni ya biashara iandikwe mara moja, mahali ambapo mwenye biashara anaweza kuisoma na kuipinga, kisha programu itokane na maandishi hayo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha njia ya kuchora taarifa za shirika kama vitu na mahusiano kati yake, na hadi leo wanafunzi wa kompyuta huchora visanduku hivyo. Mwaka 1997 jumuiya ya kampuni iitwayo OMG iliidhinisha lugha ya michoro ya UML. Mwaka 2001 jumuiya hiyo hiyo ikapiga hatua nyingine, ikatangaza utaratibu wa kuitenga michoro katika tabaka. Tabaka la kwanza laeleza biashara bila kutaja kompyuta. La pili laeleza mfumo bila kutaja mashine wala lugha ya programu. La tatu ndilo linalofungamana na teknolojia fulani. Teknolojia ikichakaa, unabadilisha tabaka la tatu. Maarifa ya biashara yanabaki salama juu yake.

Tuyashushe hayo hadi kwenye mizani ya maziwa. Wateja wengi huanza kwa kuniuliza skrini zitakuwa na sura gani. Mimi huanza na karani wa mizani, maana ndiye anayeijua biashara saa kumi na mbili asubuhi, lori limesimama kando ya barabara na wakulima wamepanga mikebe. Katika chama kimoja, mwenyekiti alinieleza kazi yao kwa sentensi moja: mwanachama huleta maziwa, chama humlipa. Nikaiandika na kumsomea karani. Akacheka. “Madam, akaunti ni ya mzee, ng’ombe anafugwa na mama, na maziwa huletwa na kijana wa bodaboda.”

Mfumo uliofuata sentensi ya mwenyekiti ungewaona watu hao watatu kuwa mmoja. Ujumbe wa kilo za leo uende kwa simu ya nani? Maziwa yakikataliwa kwa kuongezwa maji, anaulizwa nani? Pesa za mwisho wa mwezi zinaingia M-Pesa ya nani, na nani ana haki ya kuomba chakula cha ng’ombe kwa mkopo? Hakuna mtayarishaji programu anayeweza kuyajibu hayo akiwa mezani kwake. Ni mambo ya kamati, na modeli inawalazimisha wayaamue kabla senti haijatumika. Chama kile kilikubaliana kwamba akaunti, mfugaji na mletaji ni vitu vitatu vinavyohusiana, na kila pokeo la maziwa litaje vyote vitatu.

Ndipo likaja la vipimo. Mizani hutoa kilo. Mnunuzi huzungumza lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo tangi la lita 3,000 lina kilo kama 90 zaidi ya hesabu ya lita. Nani ananufaika na tofauti hiyo? Katika daftari la mkono swali hili huweza kulala miaka. Katika modeli haliwezi, kwa sababu kila kiasi lazima kitajwe kwa kipimo chake, na kipimo kimoja kikigeuzwa kuwa kingine kanuni ya kugeuza huandikwa wazi.

Bei nayo huanza kama tarakimu moja, kisha hukua. Hapa Nakuru kiwanda cha Happy Cow kilishirikiana na SNV, shirika la Uholanzi, katika jaribio la kulipa maziwa kwa ubora wake badala ya wingi peke yake. Ukifika hapo, bei ya kilo inategemea matokeo ya maabara: idadi ya bakteria, mabaki ya dawa za mifugo, kiasi cha yabisi. Aliyeandika bei kama tarakimu moja ndani ya programu atabomoa ukuta. Aliyeiandika katika modeli kama kanuni ataongeza vipimo vitatu na kueleza vinavyoathiri malipo.

Basi modeli inageukaje kuwa programu? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzalisha. Unakuwa na programu inayosoma modeli na kuandika msimbo kwa kufuata violezo: kitu “pokeo” kinatoa jedwali kwenye hifadhidata, fomu ya simu ya karani, safu ya ripoti na ujumbe wa mkulima. Ni kama fundi cherehani anavyokata sare za shule nzima kwa kielelezo kimoja cha karatasi. Akirekebisha kielelezo, sare zote zinazofuata hutoka sawa. Ya pili ni kutozalisha kitu. Modeli inawekwa ndani ya mfumo kama taarifa, na mfumo unaisoma kila unapofanya kazi.

Njia ya pili Wakenya wengi wameitumia bila kujua jina lake. Kituo cha afya cha Bahati au Gilgil kinapotuma taarifa za mwezi, fomu kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje au MOH 711 ya huduma za uzazi huingizwa katika mfumo wa taifa uliojengwa juu ya DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya 1994. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Ndani yake fomu haijaandikwa kama programu. Imeelezwa kama taarifa: swali hili, la umri huu, hujibiwa kwa namba, na kituo cha ngazi hii, kila mwezi. Wizara ikiongeza swali, ofisa aliyefundishwa huliongeza kwenye maelezo, na karani wa Bahati huliona akifungua ukurasa. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013 na ngazi za mikoa na wilaya zikaondoka, mti wa vituo ulipangika upya bila programu kuandikwa upya, kwa kuwa nao ni taarifa.

Ukipanda upande wa Eldoret utakuta ndugu yake. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Kazi ya kutibu VVU ilipopanuka, mfumo ule ukazidiwa, na mwaka 2004 ikaanza safari ya mfumo mpya, OpenMRS. Kiini chake ni kamusi ya dhana: daktari akitaka kurekodi kipimo kipya, dhana yake huongezwa kwenye kamusi, na jedwali la hifadhidata halibadiliki. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi duniani.

Nirudi kwenye mishahara, maana huko ndiko modeli inakolipa deni lake haraka. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema makato yote ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake. Katika modeli hilo ni sharti moja. Kutokana nalo fomu ya mkopo hukataa ombi lililozidi, hesabu ya mwezi hutoa onyo, na mkaguzi hupata orodha ya waliokaribia mpaka. Sehemu tatu za programu zinatii sentensi moja, na ofisa wa wafanyakazi anaweza kuisoma sentensi hiyo bila mkalimani.

Kanuni huwa pia na umri. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023. Mahakama ya Rufaa ilikataa kuendelea kuulinda mwishoni mwa Januari 2024, ukasimama. Ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Ukimlipa mtu malimbikizo ya Februari 2024 leo, unahitaji sheria iliyokuwa hai wakati ule. Wafanyabiashara waliyaona hayo pia kwa VAT, iliyoshuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020 na kurudi 16 tarehe 1 Januari 2021: bidhaa iliyouzwa Desemba na kurudishwa Januari hurudishwa kwa kodi ya Desemba. Kwa hiyo katika modeli zangu kila kanuni ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kanuni iliyokufa haifutwi.

Njia hii ina gharama zake. Vifaa vya kuchora na kuzalisha vilivyouzwa miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa ghali, na wengi walionunua walibaki na msimbo usiogusika na muuzaji asiyepatikana. Hatari hiyo bado ipo. Ipo pia hatari ya ndani: kijana wa ofisini anaona kosa dogo usiku, anarekebisha msimbo uliozalishwa badala ya modeli, na uzalishaji unaofuata unafuta kazi yake. Ndiyo maana tunatenga faili: zilizozalishwa haziguswi na mkono, zilizoandikwa kwa mkono hukaa peke yake. Na duka lenye mhudumu mmoja na rafu mbili halihitaji lolote kati ya haya. Excel inalitosha, pengine hata daftari.

Siku hizi akili unde inaandika msimbo kwa dakika, na nimeulizwa kama modeli bado ina maana. Naona thamani yake imepanda. Msimbo ukipatikana kwa urahisi, swali gumu linabaki kuwa lile lile la karani wa mizani: tumekubaliana nini, na nani anaweza kuthibitisha kwamba mashine imefuata? Kurasa elfu za msimbo mwenyekiti wa chama hawezi kuzisoma. Kurasa sita za modeli anaweza, akiwa na kikombe cha chai na mhasibu pembeni.

Kwa hiyo ukiuziwa mfumo wa mishahara, usianze na rangi za skrini. Mwambie muuzaji akutolee, mbele yako, peisilipi mbili za mfanyakazi mmoja wa shilingi 50,000. Ya Februari 2024 ionyeshe akiba ya uzeeni ya NSSF 2,160, NHIF 1,200, na ushuru wa nyumba usiwepo. Ya Februari 2025 ionyeshe NSSF 3,000, SHIF 1,375 na ushuru wa nyumba 750, vyote vikitolewa kabla ya kodi. Kisha omba uonyeshwe mahali kanuni hizo zilipoandikwa. Pakiwa zaidi ya mahali pamoja, umeshajua utakachokutana nacho bajeti ijayo. Mwisho, uliza modeli itabaki kwa nani mkataba ukiisha. Akijibu kuwa ni mali ya kampuni yake, rudini mezani mjadiliane bei upya.