Roki ya Anatolia

Roki ya Anatolia (kwa Kituruki: Anadolu rock) ni aina ya muziki iliyozaliwa nchini Uturuki katika miaka ya 1960. Inaunganisha roki ya nchi za Magharibi na nyimbo za jadi za vijijini ziitwazo türkü. Jina lake linatokana na Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki iliyopo katika bara la Asia.

Chanzo

Mwanzoni bendi nyingi za vijana wa mijini zilipiga nyimbo za kigeni. Mwaka 1965 gazeti la Hürriyet lilianzisha shindano la Altın Mikrofon (maana yake "Maikrofoni ya Dhahabu"), ambapo washiriki walitakiwa kuimba kwa Kituruki huku wakitumia vyombo vya Kimagharibi. Shindano hilo lilidumu hadi mwaka 1968. Cem Karaca alishika nafasi ya pili mwaka 1967, na bendi ya Moğollar nafasi ya tatu mwaka 1968.

Muundo

Chombo muhimu cha jadi ni bağlama, yenye shingo ndefu na kwa kawaida nyuzi saba katika makundi matatu. Gitaa lina vyuma vilivyokazwa shingoni, lakini bağlama ina vifundo vinavyoweza kusogezwa. Kwa hiyo hutoa hata sauti zilizo katikati ya noti mbili za piano.

Tofauti nyingine ni mdundo. Roki ya kawaida huhesabiwa kwa nne, lakini nyimbo nyingi za Anatolia huhesabiwa kwa tisa, kwa mfano 2+2+2+3. Midundo hiyo iliwafaa wapigaji wa roki ya progresivu, ambayo hupenda nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na hesabu zinazobadilika.

Wanamuziki

* Erkin Koray (1941–2023) alitumia bağlama ya umeme. Albamu yake Elektronik Türküler ilitoka mwaka 1974.
* Barış Manço (1943–1999) alipata umaarufu mkubwa kwa wimbo "Dağlar Dağlar" wa mwaka 1970. Albamu yake 2023, ya mwaka 1975, inahesabiwa kati ya kazi kuu za progresivu nchini humo.
* 3 Hürel ni bendi ya ndugu watatu. Mmoja wao, Feridun, alipiga chombo cha shingo mbili: moja ya gitaa, nyingine ya bağlama.
* Selda Bağcan (amezaliwa 1948) aliimba nyimbo za jadi na za kutetea wanyonge.

Siasa

Malenga wa jadi, waitwao âşık, walizoea kuimba pia juu ya dhuluma, na wanamuziki wa roki walirithi desturi hiyo. Baada ya jeshi kupindua serikali tarehe 12 Septemba 1980, wengi walipata taabu. Cem Karaca, aliyekuwa Ujerumani, alivuliwa uraia mwaka 1983 na kurudi nyumbani mwaka 1987. Selda Bağcan alifungwa zaidi ya mara moja na kunyimwa pasipoti hadi mwaka 1987.

Siku hizi

Katika karne ya 21 rekodi za zamani zimetolewa upya na kupata wasikilizaji nje ya Uturuki. Wanamuziki wa hip hop wa Marekani, akiwemo Mos Def, wametumia vipande vya wimbo "İnce İnce" wa Selda Bağcan. Bendi ya Altın Gün, iliyoanzishwa Uholanzi, hupiga nyimbo za jadi za Kituruki kwa mtindo huu. Albamu yake Gece ya mwaka 2019 iliteuliwa kugombea tuzo ya Grammy.