Mbwa Mkali Siye Mlinzi Bora

Watu wengi hudhani kwamba mbwa aliye mkali kuliko wote ndiye mlinzi bora. Sivyo. Huko Ujerumani, ambako mashindano ya mbwa walinzi yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, mbwa hujaribiwa kwa mambo matatu: kufuata nyayo kwa kunusa, kutii amri, na kulinda. Katika jaribio la tatu mbwa humkamata mtu aliyevaa kinga nene mkononi; lakini akiamriwa kuachia, hana budi kuachia mara moja. Asiyeachia hushindwa, hata akiwa na nguvu za simba.

Kila aina ina tabia yake. Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye chama chake kiliundwa mwaka 1899, kwa kawaida ni msikivu, na huweza kazi nyingi. Malinois wa Ubelgiji ni mwepesi mno wala hachoki, lakini akikosa kazi huharibu vitu; humfaa mwalimu mzoefu. Rottweiler, ambaye zamani aliswaga ng'ombe, ana nguvu nyingi na hutaka subira. Dobermann huwa macho daima, naye huharibika upesi akifundishwa kwa mapigo.

Hata hivyo, watoto wa tumbo moja hawafanani. Yampasa mnunuzi awatazame kwanza wazazi wao, kisha achague mtoto asiyeogopa kelele wala wageni. Mbwa mwoga huuma kwa hofu, na atakayeumwa huenda akawa mtoto wa nyumba ile ile.