Mtoto Aliyefungua Redio Asichapwe

Mtoto mmoja wa madrasa yetu hapa Kilakala aliifungua redio ya baba yake ili ajue sauti hutoka wapi. Akachapwa. Sisi tuliona ni heri apewe chombo kilicho halali yake kukifungua.

Tulipigilia misumari minne juu ya kipande cha ubao, tukaunga kwa nyaya betri mbili za volti 1.5, rezista ya omu 100, taa ndogo nyekundu ya LED, na ukanda wa bati uwe swichi. Watoto, wa kike kwa wa kiume, wakagundua wenyewe kuwa betri moja haiiwashi taa ile, kwani huhitaji karibu volti 2. Na mguu wake mrefu ukielekezwa upande wa hasi, haiwaki kabisa.

Ndugu wazazi, mtoto asiyepewa ubao ataitafuta elimu hiyo kwenye soketi ya ukutani, nayo ina volti 230 zinazoua. Betri bapa za saa nazo zifichwe wadogo wasizifikie, maana zikimezwa huunguza koo.

Chuo Kikuu cha Waislamu mjini kwetu kilianzia katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO. Tuwaandae watoto mapema. Baba yule amekwisha kuomba ubao wa pili, kwa ajili ya bintiye.

Wabillahi tawfiq.